Kamba Ikishtuka

Nyangoto kuna watu wanaojulikana kwa ukoo, kuna wanaojulikana kwa ubishi, na kuna Maduhu, aliyejulikana kwa mkono. Mkono wa kulia, mnene kuanzia kiwiko, kiganja kimeota sugu mpaka akikushika unadhani umeshikwa na gome la mti. Wachimbaji wa duara la Mzee Kornelio asubuhi walikuwa hawaulizi kama mwamba una mali. Walikuwa wanauliza, "Leo nani yuko kwenye winchi?" Wakiambiwa ni yule Msukuma, wanafunga kamba kiunoni wanashuka. Wakiambiwa ni mwingine, wengi wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani.

Alitokea Maswa, mwaka ambao pamba iliwakataa, yeye na binamu yake Limbu. Limbu alichungulia duara siku ya kwanza, akasema yeye shimo lake la kuingia ni moja tu na halina haraka, akarudi kwao. Maduhu akabaki. Akamleta mke wake Petronila, wakapanga chumba, akazaliwa Mayunga. Mgodini ndivyo maisha yanavyokukamata. Unakuja kwa msimu mmoja, unashtukia mtoto wako anakutukana kwa Kikurya na wewe huelewi.

Duara, kwa asiyejua, ni shimo la kuchimbia dhahabu. Linashuka wima kama kisima, halafu huko chini linaota matawi kufuata mwamba. La Mzee Kornelio lilikuwa refu kiasi kwamba ukidondosha jiwe unaweza kusahau kuwa umelidondosha, ndipo usikie "pu". Mdomoni waliweka magogo, juu ya magogo roda ya kupitishia kamba, na pembeni winchi yenyewe: injini ya pikipiki iliyochoka, imechomelewa kwenye fremu ya chuma, usukani umekatwa ukabaki upande mmoja tu, ule wa mafuta. Ukikunja kiganja, kamba inapanda. Ukiachia, ngoma inayoviringa kamba inajifunga, kamba inasimama hapo hapo; kushusha kuna pedali yake.

Sheria ya winchi ya duara ni moja. Kamba ikishtuka, vuta. Usisimame kuuliza, usichungulie. Chini kule mtu hana nafasi ya kukueleza. Kamba ikishtuka ujue jiwe limeachia, au hewa imekata, au maji yametoboka, na yote hayo dawa yake ni hiyo hiyo. Kunja mkono mpaka uone kichwa. Ukisimama kidogo tu kujiuliza "hivi kweli?", unayemvuta baadaye ni marehemu.

Hivyo ndivyo alivyomtoa Vicent. Huyu ni Mkurya wa hapo hapo, kijana mrefu, mabega mapana, utani mwingi mpaka kero. Siku hiyo kamba ilishtuka kidogo sana, kama samaki amegusa ndoano. Maduhu alikuwa anabishana mpira na Simioni, yule kijana wa kupokea viroba vya mawe. Mkono wake ulikunja kabla kichwa hakijajua. Vicent akatokea mweupe kwa vumbi, macho amefumba, na chini yake duara likakohoa, kishindo kizito, kisha upepo wa baridi ukapanda ukawapiga usoni. Walipomlaza chini alikuwa bado ameishika kamba. Wakamwambia, "Achia, umeshatoka." Hakuachia. Ilibidi wambandue kidole kimoja kimoja, na kila wakibandua kimoja, kile cha kwanza kinarudi.

Tangu siku ile Vicent alikuwa na msemo wake. "Mimi nina Mungu wangu, halafu nina Msukuma wangu."

Kilichokuja kuharibu mambo ni mchezo.

Vicent alikwenda Nyansurura kwa shangazi yake kusaidia kuvuna, akarudi macho yanawaka.

"Mura," akasema, kama Wakurya wanavyomwita mwenzao, "kuna mchezo huko. Unavutwa juu ya maji."

"Na nini? Na boti?"

"Wengine boti. Kule wanavuta kwa winchi."

Maduhu akacheka mpaka akashika mbavu. "Yaani watu wanafunga safari kwenda kuvutwa na winchi? Mbona mimi nakuvuta kila siku na hata ahsante sipati?"

"Cheka tu. Kuna mashindano yanakuja, na kila mpandaji anatakiwa aje na mvutaji wake. Nimeshakutaja."

Jumamosi iliyofuata wakapanda pikipiki, wakavuka mto Mara, wakaenda. Mwenye mchezo alikuwa dada mmoja anaitwa Precious, mtu wa upande wa Sirari aliyekulia Kisumu, Kiswahili chake nusu kilikuwa kimevuka mpaka. Alianza kuomba bwawa la Manchira, akaambiwa maji yale Mugumu wanakunywa, akacheze kwingine. Ndipo akapewa na kijiji bwawa la kunyweshea ng'ombe huku Nyansurura. Watu wakimwona wanasema "yule dada wa kuvutwa". Yeye mwenyewe mchezo anauita wekibodi.

Bwawa lile lina tabia moja ambayo Maduhu hakuipenda tangu alipoliona. Zamani lilikuwa korongo lenye migunga. Walipokinga tuta hawakukata miti, maji yakapanda, migunga ikafia humo imesimama. Masika unaona maji tupu. Kiangazi kikishika, maji yanashuka na visiki vinaanza kuchomoza, kwanza ncha kama kidole, baadaye mkono mzima. Na kile chenye ncha juu siyo kibaya. Kibaya ni kile kilichobaki chini kidogo tu ya maji, hukioni. Precious alikuwa amefunga dumu la njano juu ya kila kisiki alichokijua, liwe linaelea hapo kama alama.

"Na usivyovijua?" Maduhu akamuuliza.

"Hizo zitajionyesha," Precious akajibu, akacheka peke yake.

Akamketisha kwenye winchi yake. Maduhu akaiangalia, mwili ukamsisimka. Injini ya pikipiki. Usukani umekatwa, umebaki upande wa mafuta. Mtu angedhani fundi ni yule yule.

"Skiza sasa, Maduhu. Mwenye anavutwa anasimama juu ya ubao mmoja, miguu yote miwili iko kwa buti zimefungwa kwa ubao. Anasimama ubavu, bega moja mbele. Anaanzia ng'ambo, amechuchumaa ndani ya maji, magoti kwa kifua, mikono imenyooka. Wewe unavuta polepole. Yeye asijisimamishe. Kamba ndio inamsimamisha. Mwenye anataka kujisimamisha mwenyewe, anakunywa maji."

"Nilikunywa bwawa zima," Vicent akadakia.

"Akishasimama, anakata maji kwa ukingo wa ubao. Akiegemea vidole anaenda upande huu, akiegemea visigino anaenda ule. Hapo katikati kuna kile kilima cha mbao cha kurukia, na kuna ile bomba ya kutelezea. Kutoka ng'ambo mpaka hapa kwako tunaita safari moja. Mashindano, kila mtu ana safari mbili."

"Anayefika wa kwanza ndiye mshindi?"

"Hapana, hii si mbio! Kuna majaji watatu, wanapeana alama juu ya mia. Wanaangalia mambo gani? Moja, ugumu. Umeruka juu aje, umezunguka, umebinuka? Mbili, usafi. Umeshuka umesimama ama umeyumba kama mlevi? Tatu, mchanganyiko. Usinirudie kitu moja kama redio mbovu. Ruka kwa vidole, ruka kwa visigino, enda kinyumenyume. Ukianguka, safari yako inaisha hapo, unahesabiwa tu yale ulikuwa umeshafanya. Wanagawanywa kwa makundi, wazuri wanaenda mbele, wenye wamebaki wanapewa raundi ya bahati ya mwisho, halafu fainali. Umeshika?"

"Nimeshika. Kazi yangu mimi?"

"Macho kwake. Akiinua dole gumba, ongeza mwendo. Akishusha, punguza. Na akianguka, unaachia."

"Naachia?"

"Unaachia mafuta. Hapo hapo. Mtu akianguka na wewe bado unavuta, unamburuta chini ya maji, na hizo visiki ziko chini ya maji."

"Nitajuaje ameanguka, kama kuna mawimbi na jua liko machoni?"

"Kamba itakwambia. Inashtuka."

Vicent alikuwa anafunga jaketi la kuokolea, hakusikia. Maduhu alisikia vizuri sana.

Safari ya kwanza ya mazoezi Vicent alikuja wima, anapiga kelele kama anaswaga ng'ombe. Alipofika kwenye kilima cha mbao akaruka, ubao ukashika maji vibaya, akapiga kifua. Kamba ikashtuka. Na mkono wa Maduhu ukafanya ulichozoea: ukakunja mafuta mpaka mwisho.

Watu waliokuwa tutani waliona kitu kinapasua maji kama mamba anakimbia, bila kichwa. Vicent angeweza kuachia mshikio wa kamba. Hakuachia. Huyu ni mtu aliyebanduliwa vidole kimoja kimoja. Alipita katikati ya madumu mawili ya njano, akaja mpaka matopeni pale mbele ya winchi, ndipo Precious akaupiga mkono wa Maduhu kwa fimbo ukafunguka.

Vicent akatapika maji, akageuka chali, akacheka. Ubavuni alikuwa na mchubuko mrefu, mwekundu, ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

"Msukuma wangu," akasema. "Hata kwenye maji haniachi."

Precious hakucheka. "Nyinyi wawili mko wagonjwa. Huyu haachi kuvuta, huyu haachi kushika. Mmoja lazima ajifunze." Akamgeukia Vicent. "Wewe, ukianguka, tupa mshikio."

"Dada, mimi kamba siachii. Ningekuwa mtu wa kuachia, saa hizi ningekuwa chini ya mawe."

"Basi ni wewe," akamwambia Maduhu.

Kwa hiyo akafundishwa Maduhu. Precious hakumpandisha tena mtu. Alifunga kamba kwenye gogo, akalisukuma majini, Maduhu anavuta, na Precious anaikamata kamba katikati anaishtua bila kumwambia. "Achia!" Anaishtua. "Achia!" Wachungaji waliacha ng'ombe wakaja kutazama, wakashangaa mtu mzima anafundishwa kufungua kiganja. Mzee Filemoni, ambaye ng'ombe wake walikuwa wengi kuliko wa wote pale, akauliza, "Huyu kijana ana degedege?"

Kila Jumamosi ikawa hivyo. Katikati ya wiki yuko duarani, Jumamosi yuko bwawani. Na mkono taratibu ukaanza kusikia. Kamba ikishtuka, vidole vinafunguka vyenyewe, pa, kama mtu ameshika kaa la moto. Vicent sasa akianguka anazama pale pale, anaibuka, anagonga kofia yake ngumu kuonyesha mzima. Precious akafurahi. "Sasa uko na mkono ya maji," akamwambia.

Siku moja Maduhu alikuwa nyumbani anakunywa uji. Mayunga akaja nyuma yake akamvuta shati, anataka aangaliwe meno. Kikombe kikaanguka. Hakikuteleza. Mkono ulifunguka tu, vidole vyote vitano vimetanuka, uji ukamwagika miguuni.

Petronila akaufuta, akautazama ule mkono ambao bado ulikuwa wazi. "Baba Mayunga, huo mkono una nini?"

"Haujambo."

"Mbona umeuacha hivyo?"

Akaufunga. Alilazimika kufikiria ndipo ukafunga.

Na duarani? Duarani wiki hiyo hiyo alikuwa anapandisha kiroba cha mawe, siyo mtu, mawe tu. Kiroba kikanasa kwenye ukuta, kamba ikashtuka. Winchi ikasimama. Simioni akageuka, "Kaka, mafuta yameisha?" Maduhu akasema hapana, amepumzisha injini. Akakunja, kiroba kikapanda, maisha yakaendelea. Lakini jasho lililomtoka halikuwa la jua. Chini kule kwenye tawi la kushoto alikuwepo Vicent, anapiga nyundo, anaimba, na ndiye aliyefuata kupanda.

Alijaribu kumwambia. Jioni, kwa mama wa chai, akaanza, "Vicent, huu mkono..."

"Huo mkono ndio utatutoa," Vicent akamkata. "Sikia, mura. Tukishika namba moja, Precious anatupeleka Mwanza. Wana kituo huko ziwani, wanataka watu wa kufundisha watalii. Mimi ubao, wewe winchi. Duara tunamwachia Simioni na mapaka yake." Mapaka maana yake popo; Simioni alidhani ni paka siku ya kwanza alipowaona wanatoka duarani, na wachimbaji hawajamsamehe mpaka leo. "Kwa hiyo fanya ufanyavyo, shindano hili tulibebe. Tukishindwa, Jumatatu tuko shimoni kama kawaida."

Maduhu akanywa chai yake. Akapiga hesabu ndogo kichwani, na haikuhitaji shule. Wakishinda, mkono wa maji unamtosha. Wakishindwa, anarudi kwenye shimo na mkono huo huo, na Vicent atafunga kamba kiunoni bila kuuliza. Kuuondoa mkono wa maji sasa, kabla ya shindano, ni kumuua kisikini. Akaona afadhali anyamaze washinde.

Siku ya mashindano kiangazi kilikuwa kimekaba. Bwawa lilikuwa limeshuka mpaka tope la pembeni limepasuka vipande vipande, na visiki vilivyokuwa vidole sasa vilikuwa viganja. Watu walijaa tutani, ng'ombe nyuma yao wakilia kiu maana walizuiwa mpaka mchezo uishe. Spika ilikuwa ya kwaya, mtangazaji alikuwa mwinjilisti, kila mpandaji akimaliza anasema "Bwana apewe sifa". Majaji watatu wamekaa juu ya tela la trekta. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mbuga, mkavu, wa mfululizo, unasukuma kila kinachoelea kuelekea magharibi.

Vicent alipita kundi lake bila kuloana kichwa. Fainali wakabaki wawili, yeye na binti mmoja wa Mwanza anaitwa Huruma, mfupi, mkimya, anaruka kama panzi.

Huruma alitangulia. Safari zake zote mbili safi. Akaruka kilima kwa vidole, akarudi kinyumenyume, akatelezea bomba, akamalizia kwa kuzunguka hewani mzunguko mzima. Majaji wakampa alama ambazo mwinjilisti alizitangaza mara mbili kwa kutoamini.

Vicent safari ya kwanza akaja mzuri, ila alama zake chini ya za Huruma kidogo. Majaji wanachukua safari bora kati ya mbili, kwa hiyo ilibaki moja ya kufa na kupona.

"Ana nini cha kuzidisha?" Maduhu akamuuliza Precious.

"Kubinuka nyuma. Kichwa chini, ubao juu, kutoka kwa kilima. Mazoezi ameshuka nayo mara moja moja."

"Na huko anakoshukia?"

"Kuna kisiki upande wa kulia, lakini iko na dumu. Akiona dumu, anakaa kushoto."

Maduhu akatazama. Dumu la njano lilikuwepo, linacheza kwenye mawimbi. Akalitazama tena, likawa limesogea. Kamba yake ilikuwa imekatika, labda kwato ya ng'ombe, labda jua, na upepo ulikuwa unalipeleka polepole, kwa utulivu kabisa, kutoka kulia kwenda kushoto. Kisiki kilikuwa kimebaki nyuma chini ya maji, hakina alama.

"Dumu linatembea!" akapiga kelele. "Precious, dumu linatembea!"

Spika ya kwaya ilikuwa inapiga wimbo. Ng'ambo kule Vicent alikuwa ameshachuchumaa majini, mikono imenyooka, na bendera ya kuanza ilikuwa imeshashuka. Precious akakimbilia kwa majaji akipunga mikono. Maduhu angeweza kutovuta. Mvutaji asiyevuta bendera ikishashuka, mpandaji wake ameondolewa. Alibaki na ule mkono kwenye mafuta, anaangalia maji, anaangalia mkono. Halafu akavuta, kwa sababu Vicent alikuwa anamtazama yeye, na tangu amjue hajawahi kumtazama akakataa.

Vicent akainuka. Akakata kwa visigino, akakata kwa vidole, akainua dole gumba. Mwendo. Maduhu akampa. Akainua tena. Akampa tena. Vicent akaliona dumu likiwa kushoto, naye kama alivyofundishwa akalikwepa. Akakaa kulia.

Akapanda kilima, akaruka, akabinuka. Kwa muda huo mdogo tuta zima lilinyamaza hata ng'ombe, na ubao ulikuwa juu na kichwa chini na kamba imelegea hewani kama nyoka aliyekufa. Kisha akashuka. Kisigino kikashika maji kabla ya wakati wake.

Kamba ikashtuka.

Mkono ukafunguka. Maduhu hakuuambia. Alikuwa bado anafikiria neno "achia" na vidole vilikuwa vimeshatanuka, injini imeshashuka, ngoma imeshajifunga. Vicent akapoteza mwendo, akazama taratibu, mshikio mkononi. Ubao wake tu uliendelea kidogo kwa nguvu iliyobaki, ukaivuta miguu yake mbele ukagonga kitu, "kwa", sauti ya mbao juu ya mbao, ukapasuka kutoka ncha mpaka kwenye buti.

Akaibuka. Akapapasa mbele yake chini ya maji kwa mkono, akakishika kisiki, akakikumbatia, akabaki hapo. Kilikuwa usawa wa shingo yake.

Watu waliona. Walipoelewa walichokiona wakapiga kelele kuliko walivyompigia mshindi. Huruma akatangazwa namba moja, mwinjilisti akasema Bwana apewe sifa, lakini bega lililokuwa linapigwapigwa lilikuwa la Maduhu. Mzee Filemoni alikuja mwenyewe, Maduhu akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia huku ameshikilia kile kiganja. "Marahaba. Kumbe hukuwa na degedege. Mkono huu Mungu aubariki."

Vicent akaletwa na mtumbwi, anachechemea, ana nusu ya ubao kwapani. Akamkumbatia mpaka maji yakamloanisha. "Nimekwambia mimi," akamnong'oneza. "Nina Msukuma wangu."

Maduhu alikuwa anajaribu kufunga kiganja.

Jumatatu wakawa shimoni kama kawaida. Asubuhi ilikuwa na ukungu kidogo, na duara lilikuwa linatoa ule upepo wake wa baridi. Mzee Kornelio hakuwepo. Alikuwepo Simioni, anapanga viroba. Vicent akachukua kamba, akaifunga kiunoni, akaikaza kwa meno kama kawaida yake.

"Usishuke," Maduhu akasema.

"Mguu umepona, mura."

"Siyo mguu wako. Ni mkono wangu." Akamwambia yote. Kiroba, kikombe cha uji, siku ya fainali jinsi vidole vilivyofunguka bila yeye. "Kamba ikishtuka, huu mkono unaachia. Siuwezi tena."

Vicent akacheka, kile kicheko chake cha kukera. Alipoona mwenzake hacheki, akapunguza. "Umeniokoa juzi kwa mkono huo huo."

"Ndiyo maana."

"Basi tuujaribu. Nishushe kidogo tu, pale mwanga unapoishia. Halafu nipandishe. Mimi nitashtua, wewe uvute. Tumalize ubishi."

Akashuka. Kichwa kikazama gizani, kikabaki sauti ya buti zake zinagusa ukuta, na vijiwe vidogo vinaachia, vinaenda chini, vinachelewa kulia. Maduhu akakamata mafuta. Akasema kwa sauti, "Vuta. Vuta. Vuta," kama mtu anayemfundisha mtoto. Akakunja. Kamba ikaanza kupanda.

Ikashtuka.

Ngoma ikajifunga. Injini ikabaki inanguruma chini chini, na kamba ikasimama wima, haipandi, haishuki, inazunguka taratibu na uzito wa mtu.

Kutoka shimoni: "Mura?"

"Nipo."

"Nimeshtua."

"Najua."

Kijiwe kimoja kikaachia, kikaenda.

"Mbona nimesimama?"

Maduhu alikuwa anaufunga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, na kila akifunga kimoja, kile cha kwanza kinafunguka. Simioni aliacha viroba akabaki amesimama, mdomo wazi.

"Rudia," Vicent akasema kutoka chini, na sauti yake sasa haikuwa na utani hata kidogo.

Wakarudia. Ikawa vile vile.

Vicent alipotoka hakumtazama Maduhu. Akakaa ukingoni, akafungua fundo la kamba, akalifunga tena upya, akavuta pumzi. Hakukuwa na namna ya kutoshuka. Mwamba ulikuwa umeonyesha rangi ya dhahabu wiki iliyopita, na Mzee Kornelio alikuwa ameshasema asiyeshuka wiki hii asirudi.

"Simioni."

"Naam, kaka."

"Wewe umewahi kwenda kule bwawani kwenye mchezo?"

"Sijawahi. Mimi maji naogopa."

"Vizuri. Endelea kuyaogopa. Njoo ukae hapa."

Simioni akaketi kwenye winchi. Kiti kilikuwa kimeshika umbo la Maduhu, akawa anateleza humo. Akajaribu mafuta, injini ikalia kwa kelele, akashtuka, akapunguza. Vicent akaingiza miguu shimoni. Kabla hajazama akamtazama Maduhu mara moja, kama mtu anayeangalia nyumba aliyowahi kupanga, kisha akashuka.

"Kaka Maduhu," Simioni akauliza, macho kwenye kamba, "ikishtuka nafanyaje?"

"Vuta. Usisimame kuuliza."

"Ikishtuka kidogo sana je? Nitajua?"

Maduhu aliketi juu ya gogo upande wa pili wa duara, ameukalia ule mkono wa kulia, na ule wa kushoto ameuweka juu ya kamba ausikie. Kamba ilikuwa inashuka. Ikashuka mpaka sauti ya buti ikaisha, ikashuka mpaka wimbo wa Vicent, ambao leo haukuanza, ungekuwa umeshaisha, halafu ikasimama. Upepo wa baridi ukapanda. Simioni akajifuta kiganja kwenye suruali, akakamata mafuta, na wote wawili wakabaki wanaitazama.